Mwanamke wa Alama Ishirini na Tisa

Ukipanda Gasorwe kwa miguu kutoka barabara ya lami, kwenye mlima wa pili utaona nyumba ya matofali ya kuchoma, kila tofali limekaa sawa na mwenzake utadhani yalizaliwa pamoja. Aliyeijenga ni Leonardi, fundi wa matofali, na anayeishi humo sasa ni mkewe, Adventina. Kazi yangu mimi ni kutembea kati ya Gitega na Muyinga nikitengeneza miavuli, na mwavuli wa mama huyu nimeushona mara tatu. Mara zote tatu alinipa uji, akaniuliza habari za njiani, akarudi shambani kabla sijamaliza kikombe.

Kulima huko ndiko kulikomponza.

Adventina alikulia Tanzania, kambini, akasoma huko, akaolewa huko, akarudi Burundi na mumewe pamoja na Kiswahili ambacho majirani wanakiita cha redio. Walipewa kipande katika shamba la wakwe, wakapanda maharage na mihogo, na mume akawa anakwenda mjini kujenga nyumba za watu. Mwaka ule wa korona alikuwa Gitega, mtaa wa Magarama, anamalizia ukuta wa duka. Akakohoa siku tano. Siku ya sita akapelekwa hospitali. Siku ya nane akawa udongoni. Simu ilipofika Gasorwe ilikuwa na maneno machache ya habari na maneno mengi ya onyo: msije, msikusanyike, msishikane mikono, naweni kwa sabuni. Adventina alisikiliza mpaka mwisho. Katika yote aliyoambiwa, lililowezekana kufanyika pale pale lilikuwa kunawa. Akanawa. Kisha akachukua jembe.

Sasa kwa asiyejua mambo ya mlima ule nieleze kidogo. Mtu akifa pale, msiba hauji wenyewe kama mvua. Unafunguliwa. Watu wanakaa uani kwa marehemu, majembe ya majirani wote yanalazwa chini, na mkubwa wa ukoo anasimama anaeleza: ndugu yetu aliugua hivi, alikufa hivi, tumemlaza mahali fulani, tumemlaza namna hii. Hapo ndipo mjane anapata ruhusa ya kulia mpaka achoke, na wengine wanampikia. Ukipita mwaka hivi watu wanarudi, wanakunywa, wanaufunga msiba, ndiyo kuganduka. Mkubwa wa ukoo hapa ni Bonifasi, kaka yake Leonardi, mtu mwenye sauti nzuri ya mikutano. Lakini Bonifasi angesema nini? Hakuona ugonjwa, hakuona kifo, hakuona kaburi. Akatangaza kwamba msiba utafunguliwa korona ikiisha.

Korona ilipoanza, redio ilitangaza asubuhi, mchana na jioni. Ilipoisha, redio haikusema kitu, ilirudi tu kwenye habari za mpira. Bonifasi, ambaye ni mtu wa utaratibu, akaendelea kungoja tangazo. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Adventina akaendelea kulima. Alilima siku za jua, akalima siku za manyunyu, akalima na shamba la jirani aliyevunjika mguu. Hakulia, maana hakufunguliwa. Watu wakamtazama wakasema, mama huyu ana moyo.

Mwaka wa nne wakaja watu wa ustahimilivu.

Walikuja na gari jeupe la chama kinachoitwa Inuka Tena. Mkubwa wao alikuwa Josephat, kijana msafi, mpole, aliyesomea huzuni za watu chuoni na kufaulu. Siku hiyo nilikuwepo na miavuli yangu, kwa sababu penye mkutano na mawingu kazi haikosekani. Josephat alisema kwamba wakati wa ugonjwa dunia ilihangaikia mapafu ikasahau roho, na sasa umefika wakati wa kufikiria upya jinsi ya kuwatunza watu walioumia ndani. Maneno hayo ni ya kweli na sitayacheka. Ninachocheka ni karatasi.

Karatasi ilikuwa na maswali kumi, kila swali alama tatu. Katika wiki mbili zilizopita umelia siku ngapi? Umeshindwa kufanya kazi siku ngapi? Ukiulizwa huzuni yako ni kiasi gani, kuanzia moja mpaka kumi, utasema ngapi? Kastori, mkulima mmoja asiyekosa neno, aliuliza kama wanataka huzuni ya kabla ya mvua au ya baada. Akaandikiwa tano. Akaomba iongezwe iwe sita kwa sababu ana ng'ombe mgonjwa. Kisha watu wakagawiwa makaratasi wachore mti wa maisha yao, wenye mizizi, shina na matunda, na muda ukaishia katika ubishi kama mtu mzima anaweza kuwa mparachichi, ama lazima awe mkalitusi. Mwisho tukafundishwa kuvuta pumzi. Tulivuta. Watu wanaopanda mlima ule kila siku na ndoo kichwani walivuta pumzi kwa adabu sana, wasimvunje moyo kijana.

Adventina alijibu maswali yake amesimama, jembe begani. Siku za kulia, hakuna. Siku za kushindwa kazi, hakuna. Amemkasirikia nani? Hakuna. Alikatwa alama moja tu, katika swali la kama ana mtu anayeweza kumwambia yaliyo moyoni.

"Nilikuwa naye," alijibu.

Ishirini na tisa juu ya thelathini. Josephat alihesabu mara mbili, akampigia simu mkubwa wake. Mkoa mzima haujawahi kuona. Wiki ile ile Adventina akafanywa Mfano wa Ustahimilivu. Akapewa fulana na kofia, akapigwa picha, na picha ikawekwa kwenye kalenda, mwezi wa Agosti, anacheka, kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke. Bonifasi aliitundika sebuleni kwake, na miezi yote iliyofuata kwake ikawa Agosti.

Kisha akaanza kuzungushwa. Chama kilimpeleka mlima hadi mlima awaeleze watu waliovunjika moyo jinsi alivyosimama. Adventina hakuwa na mengi. Alisema, "Nilinawa mikono, nikaenda kulima," akakaa chini. Josephat akawa anasimama na kuyafafanua maneno hayo kwa robo saa. Wagonjwa wa roho walisikiliza, wakarudi nyumbani na hali mbaya kuliko walivyokuja, maana na wao walikuwa na mikono na majembe na havikuwasaidia chochote. Mwanamke mmoja alimfuata Adventina akamshika mkono, akamuuliza dawa yenyewe ni ipi. Adventina aliniambia kwamba siku hiyo alitamani kumjibu, "Hata mimi naitafuta," lakini alikuwa amevaa fulana.

Asubuhi moja gari lilipokuja kumchukua, alikataa kupanda kwanza.

"Mwanangu Josephat," alisema, "nataka msiba wa mume wangu ufunguliwe. Siku saba tu. Nikae chini nilie kama watu."

Josephat alishtuka kama mtu aliyeambiwa daraja limebomoka. Alimweleza kwa upole kwamba kuna ngazi. Kulia kuko kwenye ngazi ya pili, na yeye amekwisha kufika ya tano, na kazi ya chama si kuwashusha watu. Kama anajisikia vibaya kuna somo la tisa, la kujikumbatia mwenyewe mbele ya kioo. Adventina akasema kioo hana. Josephat akaandika mahali kwamba kioo kinahitajika.

Adventina akamwendea Bonifasi. Bonifasi akasema shemeji yake anamshangaza, kwamba mtu aliye kwenye kalenda akionekana amekaa chini anatoa machozi, ukoo wote utachekwa mpaka Muyinga mjini, na isitoshe tangazo la kuisha kwa korona bado. Na je, si shemeji huyo huyo na Josephat walikuwa wanangojwa kwenye mkutano mkubwa Gitega, wenye wageni kutoka mbali, wa kufikiria upya ustahimilivu baada ya janga? Aende kwanza akawasemeshe wageni. Akirudi, mambo ya kulia yataangaliwa.

Adventina akakubali. Hakukubali kwa ajili ya wageni. Gitega ndiko mumewe alikolala, na miaka minne hakuna aliyejua ni kaburi lipi. Alifikiri, nikifika huko nitauliza.

Ukumbi ulipambwa vitambaa, viti vya plastiki vikapangwa duara. Wageni walikaa mbele na daftari zao. Josephat alikuwa na jambo jipya siku hiyo: kila mwenye alama nyingi angekaa goti kwa goti na mwenye alama chache, wa kwanza aseme dakika kumi, wa pili asikilize, kisha wavute pumzi pamoja, nguvu ihame kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Adventina alipewa aliyekuwa wa mwisho kabisa, Houssein, fundi seremala wa mtaa wa Nyamugari, alama nne. Mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Mkewe, Kulthumu, alimleta mpaka mlangoni, akamkabidhi kwa Josephat kama mtu anayepeleka mtoto chanjo, akakaa nje kumngoja. Houssein alikuwa ameacha kazi mwaka wa tatu sasa. Akipiga msumari kwenye ubao anaanza kutetemeka, analia, wateja wanaondoka na vitanda vyao nusu.

"Nilinawa mikono, nikaenda kulima," alisema Adventina.

Zikabaki dakika tisa na zaidi. Walitazamana. Kwa kuwa si adabu kumkalia mtu goti kwa goti bila kumsemesha, Adventina akamuuliza yeye ana nini.

"Mi nilizikaka watu, mama," Houssein alisema. "Wakati ya korona. Tulikuwa watu wane, tunavaa manguo meupe."

"Wapi?"

"Hapa hapa Gitega."

Adventina akauliza kama katika hao alikuwepo fundi wa matofali, mtu wa Gasorwe, aliyekuwa anajenga duka Magarama. Houssein akainuka. Kiti kikaanguka, wageni wakageuza vichwa, na angetoka mbio kama mama wa watu asingemshika pindo la shati.

"Leonardi," Houssein alisema. "We ni mke wa Leonardi."

"Kaa chini."

"Nisamehe, mama. Nilimuzika kama Muislamu."

Akakaa, akaeleza yote, na hicho ndicho kilichokuwa kimemla miaka minne. Siku ile waliletewa maiti wawili pamoja na karatasi. Karatasi ilisema mmoja wao ni Muislamu. Haikusema yupi. Majina hayakuwepo, na msimamizi alikuwa anahimiza haraka, haraka. Houssein na mwenzake Chabani wakashauriana pale pale shimoni. Wakibahatisha, huenda wakakosea, na ndugu yao akaenda bila kusomewa. Afadhali wawasomee wote wawili. Basi wakawalaza wote ubavu wa kuume, nyuso zikaelekezwa kibla, wakawasalia sala ya maiti. Kesho yake ikaja karatasi nyingine yenye majina na namba zilizokuwa zimefungwa miguuni mwao, na wa pili akawa Leonardi, fundi wa matofali, Mkatoliki. Houssein aliandika jina hilo kwenye kijiti akakigongelea kaburini kwa nyundo. Tangu siku hiyo alingoja ukoo wa marehemu uje umuulize kwa nini alimchezea mtu wao. Hakuthubutu kusema msikitini wala nyumbani. Na hakuna aliyekuja, na huko kutokuja kulimuuma zaidi.

Adventina alimsikiliza akimtazama mikono.

"Ulimshika wewe mwenyewe?"

"Mi nilishika kichwa. Chabani alishika miguu."

"Mlimtupa?"

"Hapana, mama. Tulimushusha polepole. Nilimuwekea udongo chini ya shavu."

"Na mlisema maneno?"

"Sala yote. Mbiombio, mais yote, hatukuruka neno."

"Basi alisomewa," Adventina alisema, si kwa Houssein, ni kama anamwambia mtu aliyekaa nyuma yake. Miaka minne alikuwa anaona kichwani kwake mumewe anatupwa kama gunia la makaa. Akavua ile kofia ya chama, akaiweka juu ya kiti. "Nipeleke."

Josephat aliwakuta mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwenye ratiba Adventina ndiye anayefuata, wageni wanamsubiri.

"Waambie nimekwenda msibani," Adventina akamjibu.

Wakatoka, Houssein mbele, Adventina nyuma, na Kulthumu akawafuata bila kuuliza kitu, maana alikuwa hajamwona mumewe akitembea upesi hivyo tangu zamani. Ukumbini wageni waliombwa wavute pumzi kidogo wakati tatizo linashughulikiwa. Naambiwa walivuta muda mrefu.

Kaburi lilikuwa tuta dogo lenye majani, na kijiti ambacho mvua zilikuwa zimekula nusu ya jina. Adventina alilizunguka mara moja. Akauliza kichwa kiko wapi. Houssein akaonyesha.

"Na uso?"

"Uso iko huku." Houssein akanyoosha mkono wake mrefu kuelekea kibla.

Adventina alifuata mkono ule kwa macho mpaka vilimani. Kila anayetembea njia hizi kama mimi anaijua pembe ile: ndiko inakotokea barabara ya kwenda Karuzi, na mbele ya Karuzi ni Muyinga, na kabla hujafika Muyinga mjini ni Gasorwe.

"Huko ni kwetu," alisema.

Kulthumu alifungua leso yake akaitandika chini, na Adventina akaikalia akaanza kulia. Alilia kwa sauti, bila mpango. Houssein aliona haya, hakujua kama mwanafunzi anaruhusiwa kumnyamazisha mwalimu, akainama aseme neno. Kulthumu akamwambia amwache mwenzake afanye kazi yake. Na Josephat alipofika kwa pikipiki, daftari kwapani, alisimama mbali kidogo, akalifungua, akalifunga, akakaa kwenye jiwe.

Baadaye walipimwa upya, kama kanuni inavyotaka. Adventina alipata kumi na moja. Houssein, ambaye wiki hiyo alikuwa ametengeneza mlango mzima na bawaba zake, alipata kumi na tisa. Ofisi ilijadili jambo hili kwa masikitiko. Ripoti ikasema kwamba nguvu ilihama, ila ilihama nyingi mno, na kwamba kuanzia sasa washiriki wasiende makaburini saa za mafunzo. Katika kalenda mpya mwezi wa Agosti ukapewa picha ya mti. Josephat mwenyewe, niseme haki yake, aliandika pembeni ya ripoti kwamba swali la kulia lihesabiwe upya kuanzia mwanzo. Sijui kama kuna aliyelisoma.

Ila Bonifasi sasa hakuwa na pa kujificha, maana aliyeona amepatikana. Jumamosi iliyofuata safari ile mlima wote ulikaa uani kwa Adventina. Houssein na Kulthumu walifika na basi dogo la asubuhi kutoka Gitega, wakapewa viti vya wageni. Bonifasi alifungua kwa sauti yake nzuri, akaeleza kikohozi na hospitali kama aliyekuwepo, na alipofika penye kaburi akampisha Houssein.

Houssein alisema kila kitu, pamoja na kibla. Hapo minong'ono ikaanza. Wazee wawili walitikisa kichwa. Bonifasi akasimama tena, akasema ukoo unashukuru, lakini hili halikubaliki, Mkristo hulala chali akitazama juu, na kwamba wataomba ruhusa wakamfukue wamnyooshe kabla ya msiba kuendelea. Houssein aliinamisha kichwa, akaificha mikono yake. Kufukua maana yake ni barua, na barua maana yake ni kungoja tena, na kila mtu pale alimjua Bonifasi kwa kungoja.

Mjane hasemi siku ile. Anakaa kwenye mkeka na wengine wanamsemea. Adventina akasema.

"Shemeji, Leonardi hakulazwa vibaya. Humu ndani pia alikuwa analala ubavu. Na uso wake uko huku, unatutazama. Ukimnyoosha atatazama mawingu. Mawingu yana nini?"

Bonifasi alibaki amesimama, mdomo wazi, anautafuta utaratibu. Mtu aliyezoea mikutano hakosi mlango wa kutokea. Akakohoa, akatangaza kwamba ukoo, baada ya kutafakari, umeridhia ndugu yao alale ubavu, uso nyumbani, na majembe yalale chini siku saba. Ungedhani ni yeye aliyetoa amri ile shimoni.

Kastori alikuwa wa kwanza kulaza jembe lake ukutani, akasema hata hivyo lilikuwa limemchosha. Mengine yakafuata. Adventina akafunika uso kwa kitambaa, akaanza. Jirani mmoja, mtu mwema, akasogea na kumwambia jikaze mama. Kulthumu akamkanyaga mguu.